Barua ya wazi: mizani ya korosho inavyomkata mama mshahara

Kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi, Bodi ya Korosho Tanzania, wakurugenzi wa halmashauri zetu, na wenye viwanda vya kubangua korosho.

YAH: MALIPO YA KILO NA MAMA ANAYENYONYESHA

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Masasi. Nimebangua korosho, nimemenya lile ganda jembamba la kiini, na mwisho nikawa karani wa mizani kwenye kiwanda kimoja cha huku kusini. Sikitaji jina kwa kuwa ninayoyasema hayako kwake peke yake. Kazi ya karani wa mizani ni ndogo tu: unapokea beseni, unapima, unaandika namba ya mfanyakazi na kilo zake, maana analipwa kwa kilo, unaita mwingine. Daftari halina safu ya kuandika nani kajifungua. Lakini ukikaa nalo miezi kadhaa linaanza kukusimulia lenyewe. Namba fulani inaleta mzigo wake vizuri, kisha inapotea, kisha inarudi, na ikirudi imeshuka na haipandi tena mpaka msimu unakwisha. Huna haja ya kuuliza. Kuna mtoto. Na baba wa mtoto huyo, kama naye yuko pale pale kwenye kuchemsha au kubeba magunia, namba yake haitikisiki hata siku moja.

Sijawahi kumwona meneja aliyekaa na kalamu akapanga kwamba mwenye mtoto alipwe kidogo. Bei ya kilo ni ile ile kwa mwanamke na mwanaume, kwa mwenye mtoto na asiye naye, na ndiyo maana Afisa Kazi akija anakuta karatasi safi. Pesa haipotelei kwenye bei. Inapotelea kwenye saa.

Tuanze na sheria, kwa sababu wengi wenu mnaifahamu kuliko mimi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua pacha au zaidi. Inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ujauzito au majukumu ya familia. Marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2025 yamemwongezea muda aliyejifungua mtoto njiti, jambo ambalo kwa kweli mnastahili shukrani. Na kuna kifungu kinachosema mama anayenyonyesha aruhusiwe kumnyonyesha mwanawe ndani ya saa za kazi, kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku.

Kifungu kizuri sana. Ila aliyekiandika alikuwa akimfikiria mtu wa mshahara wa mwezi. Mhasibu wa halmashauri akitoka saa 2 kwenda kunyonyesha, mshahara wake tarehe ile ile unaingia benki kamili. Mbanguaji akitoka saa 2, beseni linabaki tupu kwa saa 2. Sheria imempa muda, mizani imemnyang'anya pesa ya muda huo, na hakuna aliyevunja sheria.

Pigeni hesabu. Siku ya kazi kisheria haizidi saa 9. Toa 2, zinabaki 7. Hiyo ni zaidi ya asilimia 22 ya kipato cha siku, imekwenda kwa mtu kutumia haki yake kama ilivyoandikwa. Na hapo tumemhurumia, tumefanya kana kwamba mtoto yuko nje ya geti. Wa kwangu mimi alikuwa nyumbani na dada yake. Kuna wanaotembea kutoka kiwandani hadi mtaani na kurudi, juani, na saa 2 zinaishia njiani.

Halafu kuna mikono. Hili nalieleza kirefu kwa sababu nadhani wengi wenu mmeingia kiwandani siku ya ufunguzi tu, mkavishwa koti jeupe, mkaonyeshwa meza ya kupanga madaraja ambako kila kitu ni kisafi. Kwenye meza ya kubangua hali ni nyingine. Ganda la korosho lina mafuta meusi yanayounguza ngozi. Mbanguaji anakanyaga pedali, anavuta mkono wa mashine, kisu kinapasua ganda, na kiini anakitoa kwa vidole au kwa kijiti chenye ncha. Kabla ya kuanza anajipaka mafuta ya kula au majivu ili yale mafuta ya ganda yasishike. Glavu zipo mahali pengine, lakini zikitoboka kidole kimoja mafuta yanaingia na kukaa humo, na wengi wanaona afadhali mkono mtupu. Jioni vidole vimekuwa vyeusi, ngozi ya kiganja inabanduka.

Sasa huyo ndiye anayetakiwa kumshika mtoto wa miezi mitatu. Hawezi kuinuka mezani akamweka titi mdomoni. Anasugua majivu, ananawa sabuni, anasugua tena kucha kwa kijiti, anajipaka mafuta, ananusa vidole vyake, na bado ana wasiwasi. Nimewaona waliokuwa wakimwambia anayemlea mtoto amshikilie yeye, mama ainame tu anyonyeshe bila kumgusa. Kunawa huko hakuko kwenye saa 2 za sheria. Kunakatwa kwenye kilo.

Kwa hiyo wanafanya nini? Wengi hawaendi kunyonyesha. Wanakamua asubuhi, au wanamwanzishia mtoto uji mapema, na siku ya kliniki nesi anawagombeza kwa nini hawakufikisha miezi 6 ya maziwa ya mama matupu. Siku 84 ni wiki 12. Hata miezi 3 haifiki. Wizara moja inamwambia mama miezi 6, sheria ya wizara nyingine inamrudisha kazini nusu ya safari, na mizani inamaliza kilichobaki. Nesi hana kosa, anasema alichofundishwa. Lakini anayegombezwa ni yule yule.

Na nimetaja kliniki. Viwanda kadhaa vina posho ya mahudhurio: usipokosa siku hata moja katika mwezi unaongezewa kidogo. Sasa mtoto ana kadi, na kadi ina tarehe ya kila mwezi ya kupima uzito na kuchanjwa. Posho ile mama ameikosa kabla mwezi haujaanza. Malaria ya mtoto ni siku nyingine, na huku kwetu msimu wa mvua mnaujua.

Lililobaki ni la taratibu na ndilo linalouma zaidi baada ya miaka. Kazi ya kubangua ndiyo chungu kuliko zote. Juu yake kuna kumenya, juu yake kuna kupanga madaraja, kisha usimamizi wa meza, ukarani, udhibiti wa ubora, na huko juu ndiko kwenye mshahara wa mwezi na mkataba wa maana. Watu wanapandishwa kutoka kwa walioonekana. Asiyekuwepo na lake halipo. Mama aliyetoka likizo anarudi anakuta meza yake ya kumenya ina mtu, anaambiwa aanzie kubangua kwa muda, na muda huo hauna mwisho. Hajashushwa cheo, maana hakuwa na cheo. Ila wale alioanza nao, ambao bado hawajazaa au ni wanaume, mwaka unaofuata ndio wanaompimia yeye beseni.

Wapo watakaosema haya ni ya Masasi na Newala, ni malalamiko ya vibarua. Hapana. Ni jambo ambalo wachumi wa dunia wamelipima kwa makini. Mwaka 2023 Tuzo ya Nobeli ya uchumi alipewa Mmarekani Claudia Goldin, aliyefuatilia kazi na mishahara ya wanawake wa nchi yake kwa zaidi ya miaka 200, na moja ya aliyoonyesha ni kwamba kwa kizazi cha sasa, tofauti ya malipo kati ya mwanamke na mwanaume inafunguka zaidi pale mtoto wa kwanza anapozaliwa. Huko huko Marekani, mwaka 2007, watafiti waliandaa maombi ya kazi ya watu wa kubuni wenye sifa zinazolingana, tofauti ikiwa moja tu: mmoja anaonekana ni mzazi, mwingine sivyo. Mwanamke mwenye mtoto alipangiwa mshahara wa kuanzia ulio chini kwa takribani dola 11,000 kwa mwaka kuliko mwanamke asiye na mtoto. Mwanaume mwenye mtoto yeye aliongezewa. Huyu alionekana ametulia, ana familia.

Denmark je, nchi ambayo likizo ya uzazi ni ndefu na vituo vya kulelea watoto viko kila mtaa? Henrik Kleven na wenzake walifuata kumbukumbu za serikali ya huko wakakuta kipato cha mwanamke kinashuka anapozaa mtoto wa kwanza, na baada ya miaka mingi bado kiko chini kwa karibu asilimia 20. Cha mwanaume hakikuguswa. Asilimia 20 ya Denmark na 22 yangu ya saa 2 kwenye 9 hazihusiani kabisa, naomba mtaalamu asinirukie. Lakini nilipozisoma karibu karibu nilicheka peke yangu.

Utafiti wa hao hao ulioendelea mpaka nchi 134 ndio ulionifanya nishike kalamu sasa na si baadaye. Walikuta kwamba katika nchi ambazo watu wengi bado wanalima kwa ajili ya kula, mtoto hamtoi mama kazini kwa kiasi kikubwa. Mama anakwenda shamba na mtoto mgongoni, anapumzika chini ya mkorosho, anaendelea. Nchi inapoanza kuhama kutoka shamba la nyumbani kwenda kwenye kiwanda na ofisi, hapo ndipo mtoto anapogeuka kuwa sababu kubwa ya mwanamke kubaki nyuma. Kiwanda kina geti. Mtoto hapiti getini.

Na ninyi, Waheshimiwa, ndio mnajenga mageti. Najua historia yetu hii. Katika miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilijengwa viwanda 12 vya kubangua korosho, vingi vyake huku kwetu, na karibu vyote vikafa, vingine vikageuzwa maghala. Sasa mnavirudisha. Kuna kongani, yaani eneo moja la viwanda vingi vya korosho, huko Maranje mkoani Mtwara, kuna ushuru wa asilimia 15 kwa korosho ghafi inayosafirishwa nje, kuna azma ya kubangua korosho yote hapa nchini ifikapo 2030. Kila kiongozi akisimama jukwaani anasema ajira, ajira, ajira kwa akina mama. Ni kweli, ajira hizi ni za akina mama, wanaojaza kumbi za kubangua na kumenya ni wao. Ndiyo maana nauliza kabla zege halijamwagwa: kwenye ramani za majengo hayo, chumba cha watoto kiko wapi?

Msiniambie hakuna mfano. Korosho yetu ghafi kwa miaka na miaka imekwenda India, kwenye viwanda vya Kollam na kwingineko, ikabanguliwe na wanawake wa huko. Sheria ya Viwanda ya India ya mwaka 1948, kabla ya sheria mpya za kazi kuchukua nafasi yake mwaka 2025, ilitaka kiwanda chenye wanawake zaidi ya 30 kiwe na chumba cha kulelea watoto wao walio chini ya miaka 6, chenye hewa, mwanga na mlezi aliyefunzwa. Mwaka 2017 wakaongeza likizo ya uzazi kufikia wiki 26, na sehemu yoyote ya kazi yenye watu 50 na zaidi iwe na kituo cha watoto, mama aruhusiwe kwenda mara 4 kwa siku. Kama kila mwenye kiwanda anatii ni suala lingine, na sheria kuvunjwa si India tu. Lakini mama wa huko akienda kushtaki ana karatasi ya kushika. Hapa korosho iko kwetu, mikono ni yetu, karatasi hakuna. Hata jirani zetu Kenya waliweka kwenye Sheria ya Afya ya 2017 kwamba mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea.

Na kituo cha watoto si sadaka. Kenya hiyo hiyo, mtaa wa Korogocho jijini Nairobi, watafiti waliwapa akina mama hati za kulipiwa gharama za kituo cha kulelea watoto. Waliopewa, uwezekano wao wa kuwa na kazi ulikuwa juu kwa pointi 8.5 za asilimia kuliko ambao hawakupewa. Ni akina mama wa hali ya chini, si wake wa mabalozi.

Nageukia wenye viwanda, maana najua mnachosema vikao vikifungwa: "Tutakimbia gharama." Ninyi mnajua kuliko mtu yeyote kwamba korosho nzima na korosho iliyovunjika haziuzwi bei moja. Faida yenu iko kwenye kiini kilichotoka mzima, cheupe. Kiini kizima kinatoka kwenye mkono uliozoea. Mkono mgeni unavunja, na unavunja kwa wiki nyingi kabla haujajua kiasi cha kukandamiza pedali. Kila mama anayeondoka kwa sababu hakuona namna ya kumlea mtoto, anaondoka na mkono huo, nanyi mnamwingiza mgeni aje avunje korosho zenu mkilipia. Gharama hiyo nimeiona kwenye mizani, kwenye beseni la vipande. Haikuandikwa popote kwamba ni gharama ya kukosa chumba cha watoto.

Mwingine atasema: "Si wana mabibi zao?" Kusini mtoto ni wa ukoo wa mama, bibi atalea. Bibi yupi? Bibi wa siku hizi ana miaka 40 na kitu, yuko meza ya tatu kutoka dirishani, naye anabangua. Na kama si yeye, ni binti wa miaka 15 aliyeachishwa masomo, au mdada wa kazi aliyechukuliwa kijijini ambaye huenda naye ameacha mtoto wake kwa mama yake. Gharama haijaondoka, imesukumwa kwa mwanamke mwingine mwenye kipato kidogo zaidi.

Kwa hiyo naomba nini? La kwanza halihitaji Bunge wala senti ya wafadhili. Sheria yetu tayari inajua namna ya kumgeuza mtu wa kilo kuwa mtu wa saa. Inasema asiyelipwa kwa muda, ujira wake wa wiki upigwe kwa wastani wa alichopata katika wiki 13 zilizotangulia. Basi chukueni wastani wa wiki 13 alizofanya kazi kabla ya kwenda likizo, mgawe upatikane ujira wake wa saa, na saa 2 za kunyonyesha zilipwe kwa kiwango hicho. Ziandikwe kwenye daftari la mizani kama kilo zinavyoandikwa. Waziri anaweza kulitolea hili mwongozo kwa waraka, Maafisa Kazi wa Mtwara na Lindi wakaanza kulikagua. Karani yeyote wa mizani anaweza kupiga hesabu hiyo, nilikuwa nafanya ngumu kuliko hiyo bila kikokotoo.

Pili, mfanyakazi wa msimu. Sheria inasema mwenye chini ya miezi 6 kazini hana likizo yenye malipo, lakini papo hapo inamtoa mfanyakazi wa msimu kwenye katazo hilo: yeye anastahili. Nimefanya kazi na wanawake wengi wa msimu, sikumwona hata mmoja aliyelipwa likizo ya uzazi. Mkataba unaandikwa wa miezi mitatu, tumbo likionekana hauandikwi mwingine. Hakuna aliyefukuzwa, eti mkataba umeisha wenyewe. Na mafao ya uzazi ya hifadhi ya jamii yanadai michango ya miezi mingi, ambayo mtu wa msimu hafikishi, huku kwenye likizo mzigo wote ukimwangukia mwajiri mmoja. Mwajiri mwenye akili za biashara atafanya nini? Atakwepa kumwajiri binti aliyeolewa juzi. Kama mnataka aache kukwepa, likizo ilipwe na mfuko ambao waajiri wote wanachangia, wa wanaume na wa wanawake sawasawa. Hili najua linahitaji Bunge. Lianzeni.

Chumba cha watoto nimeshakisema. Naongeza tu kwamba halmashauri zina asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo, 4 kati ya hizo zikiwa za wanawake. Kila mwaka vikundi vinaomba vikichagua miradi ile ile, kuku, batiki, sabuni ya maji. Kikundi cha akina mama kikikopeshwa kufungua kituo cha kulelea watoto mchana karibu na kiwanda, kikasajiliwa na ustawi wa jamii, kiwanda kikalipia sehemu ya ada na mzazi sehemu, mkopo utarudi. Taifa lina programu nzima ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ilizinduliwa Desemba 2021. Ishukeni nayo mpaka getini.

Kuhusu baba, sheria ya 2004 ilimpa siku 3. Siku 3 hazitoshi hata kumrudisha mzazi kutoka hospitali ya Ndanda na kutafuta kuni. Lakini zaidi ya siku, ningependa baba naye awe na haki ya kwenda kliniki bila kukatwa posho. Wapo ambao wangekwenda. Nilimfahamu mmoja wa kwenye bomba la mvuke aliyeomba ruhusa hiyo, msimamizi akamcheka mbele ya watu.

Siwezi kumaliza bila kuwagusa wenye mashamba, ingawa wao hawana mizani ya kiwanda. Mwanamke mwenye mikorosho yake akiwa mjamzito miezi ya Juni na Julai, hapulizi salfa, dawa ya kukinga mikorosho na ukungu. Anaweka kibarua. Hana pesa ya kibarua, maana mnada ni Oktoba. Basi anauza korosho ingali maua, kwa kangomba, yaani ununuzi haramu wa nje ya mnada, kwa bei ya kuokoa siku, na msimu ukifika wenzake wanasubiri malipo ya AMCOS, chama chao cha msingi cha ushirika, yeye mzigo wake ulishakuwa wa mtu. Mnakamata wanunuzi wa kangomba kila mwaka, na mko sahihi. Ila hamjauliza nani anauza, na kwa nini mwaka ule na si mwaka mwingine. Vyama vikuu vya ushirika, MAMCU, TANECU, RUNALI na Lindi Mwambao, mna orodha ya wanachama wenu. Mkopo mdogo wa pembejeo na vibarua kwa mwanachama mwenye kadi ya kliniki, unaokatwa kwenye mauzo yake ya mnada, ungewaua kangomba wengi kuliko mgambo.

Mei Mosi ya 2025 kule Singida, Rais alitangaza kima cha chini cha mtumishi wa umma kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Tulishangilia na sisi tusiohusika. Kima cha chini kinapangwa kwa saa, kwa siku, kwa wiki, kwa mwezi. Wa kilo anaambiwa akitaka kukifikia aongeze bidii, na mwenye titi linalovuja saa nne asubuhi anaambiwa hivyo hivyo.

Naomba majibu kabla mnada wa kwanza wa msimu ujao haujafunguliwa. Naomba pia yasije kwa barua ya ofisini. Yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kiwanda, kwa Kiswahili, yakitaja saa 2 zitalipwaje, nani atakagua, na namba ya Afisa Kazi ambayo mtu akipiga inapokelewa. Kama jibu ni hapana, libandikwe vilevile, na sababu yake chini.

Ni mimi,
Aliyekuwa karani wa mizani,
Masasi, Mtwara.

Nakala: vyama vya wafanyakazi viwandani, maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri zote za Mtwara na Lindi.